Moyo Unaohitaji Kuitikiwa

Katika ukoo wetu, mtu akishavuka miaka sabini, kila kinachompata kina jibu moja: uzee. Shangazi akipumua kwa shida baada ya kupanda ngazi, uzee. Akichoka kabla ya adhuhuri, uzee. Hata alipoanza kuanguka ghafla bila kujikwaa, kisha akaamka baada ya muda mfupi akishangaa mbona watu wamemzunguka, neno lilikuwa hilo hilo.

Aliyelikataa ni binti yake mdogo. Alimshika mama yake kifundo cha mkono, akatazama saa, akahesabu mapigo kwa dakika nzima. Hayakufika arobaini. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100. Siku ile ile walikwenda hospitali, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba njia ya umeme ilikuwa imeziba kabisa.

Wengi wetu tukisikia moyo umeziba tunafikiria mafuta kwenye mishipa ya damu. Hili ni jambo jingine. Kila pigo huanzia juu, upande wa kulia wa moyo, kwenye chembe zinazotoa msukumo wa umeme. Msukumo huo hupita katika kituo kidogo, ambacho Mjapani Sunao Tawara alikieleza mwaka 1906, ndipo ushuke kwa nyuzi maalumu hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Ni kama mwimbishaji na waitikiaji wa ngoma. Katika daraja la kwanza la ugonjwa, waitikiaji huchelewa kidogo lakini hawakosi, na mara nyingi hakuna tiba inayohitajika. Katika daraja la pili baadhi ya miito hupita bila kuitikiwa. Katika la tatu hawasikilizani tena: juu wanaimba wimbo wao, na chini wanajianzishia wao, polepole mno, pengine mara 20 hadi 40 kwa dakika. Damu haitoshi kichwani, mtu anaanguka.

Jambo la kwanza daktari aliloliomba ni mfuko wa dawa za shangazi. Nililipenda ombi hilo. Zipo dawa za shinikizo la damu na za moyo zinazoweza kupunguza kasi ya umeme huo, na kuna wagonjwa wanaopona kwa kubadilishiwa dawa tu. Potasiamu ikizidi katika damu huleta tatizo hilo hilo, na shambulio la moyo vilevile. Kuna hata watoto wanaozaliwa nalo, hasa wa akina mama wenye kingamwili fulani za ugonjwa wa lupasi. Kwa shangazi, chanzo kilikuwa nyuzi zenyewe kukakamaa kwa umri. Uzee ulihusika, naam, lakini uzee wenye tiba.

Tiba yenyewe ni ile ambayo watu huiita betri ya moyo: kifaa kidogo kinachofukiwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya wake hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Mara nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Pale Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huifanya kazi hiyo.

Mtu wa kwanza kufukiwa kifaa hicho mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, Oktoba 8, 1958, akiwa na miaka 43. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku. Mkewe, Else-Marie, alimwandama daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist. Waliposema hawana kifaa kilicho tayari, akawataka wakitengeneze. Elmqvist alikitengeneza kwa kutumia kopo la dawa ya viatu kama kalibu. Kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikawekwa kingine. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani, akaishi hadi 2001, akafa kwa saratani akiwa na miaka 86, baada ya wote wawili waliomwokoa kutangulia.

Namfikiria sana mama yule. Hakuwa daktari wala mhandisi, na kila alichoambiwa kuhusu mumewe kilikuwa kweli. Alichokataa ni kuishia hapo. Binti wa shangazi alifanya vivyo hivyo kwa saa ya mkononi, na ninaamini wako wazee wengi vijijini ambao hawajampata mtu wa kuwashika kifundo na kuhesabu.

Lakini shangazi naye alikuwa na lake. Usiku wa kuamkia upasuaji alimuuliza daktari: “Mwanangu, nikiwekewa betri hiyo, siku yangu ikifika nitakufaje?” Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akamweleza kwamba kifaa kinatoa mwito tu. Misuli ya moyo ikishachoka kabisa haitauitikia, na yeye ataondoka kama watu wote. Shangazi akamwambia mwanawe, aliyekwisha kuchukua kalamu ya kutia sahihi, ampe karatasi aitie mwenyewe.