Seva ya nyumbani na washkaji wasioingia

Najua kimya kimekuwa kirefu, likizo ina mambo yake. Leo naleta mada ya gemu, ila hata wewe usiyecheza vumilia kidogo. Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile, "nimewasha seva nyumbani, mbona wenzangu hawaingii?", na jibu linalozunguka mtaani ni moja tu: zima uwashe. Jamani, kuna zaidi ya hapo.

Sisi tuko wanne, tulimaliza kidato cha sita pamoja. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Mbeya, mmoja Dodoma, na mimi likizo hii niko nyumbani Morogoro. Tunacheza Minecraft, ile toleo la Java la kwenye kompyuta. Seva ya kukodi inalipiwa kwa dola kila mwezi, na bumu letu mnalijua linavyoyeyuka. Kompyuta ya mezani ya hapa nyumbani ina nguvu kuliko laptopu zao zote, basi tukakubaliana seva ikae kwetu. Jumamosi saa tatu usiku ndiyo saa pekee ambayo sote wanne tunaongea kwa pamoja. Siku nyingine ni "poa", "tutaongea", basi.

Jumamosi ya kwanza mimi nikaingia vizuri, wao wakabaki nje. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu jamaa wa Mwanza akaandika kwenye kundi: "Oya, tuachane nayo tu, kila mtu aendelee na mambo yake." Ile kauli ilinikaa kichwani. Mtu huyu ndiye aliyetufundisha sote kucheza, na siku hizo alikuwa mzito hata kujibu salamu. Nikaona nikilegea hapa, kikundi kimekufa.

Basi nikaamua kwenda hatua kwa hatua, kuanzia ndani kutoka nje.

Kwanza, soma ujumbe wa kosa. Kompyuta ikisema muunganisho umekataliwa, mara nyingi maana yake ombi limefika kwenye mashine lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye ile poti. Ikisubiri mpaka muda ukaisha, ombi limepotelea njiani au kuna kitu kimelimeza kimya kimya. Washkaji walikuwa wanapata hilo la pili, kwa hiyo nikajua nitafute njiani.

Pili, jaribu ndani ya mashine yenyewe. Anwani 127.0.0.1 ni "mimi mwenyewe" kwa kila kompyuta. Nikaingia kwa hiyo, ikakubali. Seva ni nzima.

Tatu, jaribu kutoka kompyuta nyingine ndani ya nyumba. Nikaazima laptopu ya mdogo wangu, nikaandika anwani ya ndani ya seva, kwangu ni 192.168.1.20. Ikaingia. Hapa ndipo wengi hukwamishwa na fayawoli ya Windows. Ukiwa umeiambia Windows kwamba mtandao wako ni wa hadharani, hubana zaidi wageni wanaobisha hodi. Iruhusu Java ipokee wageni, au fungua poti ya TCP 25565, ambayo ndiyo ya kawaida ya Minecraft ya Java. Wale wa toleo la Bedrock, la simu, ni UDP 19132. Usizime fayawoli yote, fungua tundu moja tu.

Nne, ruta. Ruta ichukulie kama mlinzi wa hosteli. Anwani ya nje ni jina la hosteli, anwani ya ndani ni namba ya chumba. Ukiagiza chipsi mwenyewe, mlinzi anakumbuka ni chumba gani kimeagiza, muuzaji akija anapitishwa. Lakini mgeni akitokea tu na kusema "nimekuja kwa 25565", mlinzi hana habari naye, anamwacha hapo getini mpaka achoke. Kwa hiyo unaingia kwenye kurasa za mipangilio ya ruta, unamwandikia mlinzi: anayekuja kwa TCP 25565 mpeleke 192.168.1.20. Na hakikisha ruta inaipa seva anwani hiyo hiyo siku zote, la sivyo umeme ukikatika na kurudi chumba kinaweza kubadilika, mgeni akapelekwa kwa mwingine.

Tano, jaribu kutoka nje kweli. Ruta nyingi hazikubali utoke na kurudi ndani kwa anwani yako ya nje, kwa hiyo ukijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani unaweza kudhani imegoma kumbe iko sawa. Nikaunganisha laptopu ya dogo kwa bando la simu. Muda ukaisha. Bado!

Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo nawashauri mlifanye mapema. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, soma anwani iliyopewa upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote ya kukuonyesha anwani yako inavyoonekana intaneti. Zikifanana, safi. Kwangu ruta ilionyesha anwani inayoanza na 100.72, tovuti ikaonyesha nyingine kabisa.

Anwani kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mtandao kuwachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Wanaita CGNAT. Kwa lugha ya hosteli, nje ya geti letu kuna geti la mtaa mzima, na mlinzi wake hapokei maelekezo yangu. Ningefungua poti kwenye ruta mpaka Krismasi, mgeni asingefika.

Wala si uchoyo tu. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Hazina kuu ya dunia iliishiwa Februari 2011, na AFRINIC, wanaogawa kwa Afrika kutoka Mauritius, waliingia awamu ya mwisho ya kugawa kwa kubana Januari 2020. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada akaniambia nizime ruta niwashe, mara tatu, halafu akasema anwani ya peke yako ni kwa wateja wa biashara, unalipia kila mwezi. Nikamshukuru.

Dawa iliyobaki ni kutopitia getini kama mgeni. Tukaweka ZeroTier, mtandao binafsi wa kwenye intaneti. Unaunda mtandao, unapewa namba yake ya herufi na tarakimu 16, wenzako wanaiweka kwenye programu, wewe unawaidhinisha mmoja mmoja. Kikundi kidogo kama chetu hakilipi. Inafanya kazi kwa sababu kila kompyuta inaanza yenyewe kutoka nje, ni ile habari ya chipsi, walinzi wote wanaona jibu la kitu kilichoagizwa. Kisha kila mtu anaingia seva kwa anwani ya mtandao ule, kama vile tuko sebule moja. Na ile ruhusa ya 25565 kwenye ruta nikaifuta, haina kazi tena na mlango wazi si mapambo. Kasoro ni kwamba njia ya moja kwa moja ikishindikana data inazunguka kwa seva za kati, jamaa wa Mbeya anayetumia bando la simu anaona gemu inakwamakwama.

Jumamosi ya nne saa tatu na dakika kumi wote wanne tulikuwa ndani. Tukajenga ukuta, hatuongei la maana. Kama saa tano hivi jamaa wa Mwanza akasema, huku anachimba mawe, kwamba mkopo haukutoka na ameahirisha mwaka, wiki sita sasa hajamwambia mtu zaidi ya mama yake. Hakuna aliyesema "pole sana" kwa sauti ya msibani. Wa Dodoma akamuuliza anakula wapi. Tukaongea mpaka saa nane usiku, na Jumatatu wa Mbeya akaanza kumsaidia kufuatilia fomu za rufaa.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi akikosa hesabu usimrudishie somo zima, tafuta hatua aliyokwamia. Mtandao ni vile vile. Na ukifika kwenye geti ambalo si lako, acha kuligonga, tafuta njia nyingine.

Mwenye kukwama aniandikie: ujumbe wa kosa unasemaje, na zile anwani mbili zinafanana au la? Sasa naenda kununua LUKU, mama anasema hiyo mashine inakula yuniti. Alamsiki.