Santuri Tuliyoiruka

Nyumbani kwa mjomba wangu, Morogoro ya miaka ya 1970, kulikuwa na santuri tulizozigombea vijana na moja isiyogombewa na mtu. Tulizozigombea zilikuwa za Mbaraka Mwinshehe na za Wakongo. Iliyobaki ilikuwa "A Mis Amigos" ya Nat King Cole. Mjomba aliipiga Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mkono wa gramafoni ulikuwa mwepesi na sindano imechoka, kwa hiyo alibandika sumni juu yake, ile sarafu yenye sungura, sindano isirukeruke. Wimbo wa kwanza ukianza tu, sisi tulijitoa barazani mmoja mmoja.

Siku moja nikamuuliza, "Mjomba, huyu anaimba anasema nini?"

"Hata mwenyewe hajui," akanijibu. "Wewe sikiliza anavyoimba."

Hakuwa anatania. Cole, mzaliwa wa Montgomery, Alabama, alikuwa mpiga piano hodari wa jazi kabla dunia haijamjua kwa sauti yake, na Kihispania hakukijua. Mwaka 1958 alirekodi Havana albamu ya "Cole Español" kwa kukariri matamshi, ikapendwa mno. Mwaka uliofuata akaingia studio Rio de Janeiro, na safari hii akazunguka karibu Amerika ya Kilatini yote na visiwa vyake: "Ay, Cosita Linda" kutoka Kolombia, "Perfidia" ya Meksiko, "El Choclo" ambayo ni tango ya Ajentina, "Capullito de Alelí" ya Rafael Hernández wa Puerto Rico, "Ansiedad" ya Venezuela, na nyimbo chache za Kireno za wenyeji wake Wabrazili.

Albamu hiyo ilitoka wakati mbaya. Mwaka huohuo wa 1959, katika jiji hilohilo la Rio, João Gilberto alitoa "Chega de Saudade", na bossa nova ikazaliwa. Miaka michache baadaye, mtu wa jazi akitaka ladha ya Brazili, alikwenda kwa Stan Getz na Gilberto. Nyimbo za Cole zikaonekana za kizee. Mashabiki wake wa zamani nao walikuwa wanamnunia kwa kuiacha piano na kukimbilia nyimbo laini, na waliokijua Kihispania wakacheka lafudhi yake ya Kimarekani.

Mjomba hakuyajali hayo, maana sikio lake lilifunzwa Morogoro. Ujana wake aliumalizia kwenye dansi la Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah. Huyo, inasimuliwa, alipokuwa kijana alitoroka nyumbani hadi Mombasa akitafuta meli ya kumfikisha Kuba. Hakufika. Akarudi, mwaka 1948 akaanzisha La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba, akaweka Kiswahili juu ya mapigo aliyoyasikia kwenye santuri za Kikuba. Mtu aliyekulia hapo hawezi kushangaa Mmarekani mweusi anapoimba lugha asiyoijua.

Miaka mingi ikapita. Mpwa wangu, mpiga besi wa Dar es Salaam, aliipeleka gramafoni ile kwa fundi wa Kariakoo, ikapona. Tukafungua sanduku la santuri. Za Mbaraka zilikuwa zimekwisha kwa kupigwa, zinakoroma tu. Iliyokuwa nzima ni ya Cole, kwa sababu tuliipuuza.

Tukaisikiliza yote. Kwenye "Ansiedad" mpwa wangu aliniinulia kidole ninyamaze, akarudisha sindano mwanzo. Cole haingii na pigo. Analiacha lipite, anakuja nyuma yake kidogo, halafu anafika mwisho wa mstari kwa wakati bila kuharakisha silabi hata moja. Ni akili ya mpiga piano: anajua ala nyingine zitashika wapi, basi yeye anakaa penye nafasi. Na kwa kuwa maneno hayakuwa yake, kila silabi ameishughulikia, hakuna aliyoimeza kwa mazoea.

Cole alifariki Februari 1965 kwa saratani ya mapafu. Mwaka huo haukuisha kabla Salum Abdallah naye hajafariki kwa ajali ya gari. Sidhani kama Cole aliwahi kusikia jina la Morogoro.

Siku hizi bendi ya mpwa wangu hupiga "Ansiedad" kwa maneno ya Kiswahili aliyoyatunga mwenyewe. Wazee wanaokuja kucheza hawataki kusikia habari za Marekani wala Venezuela. Wanaapa kwamba wimbo huo ni wa Cuban Marimba, na kwamba waliucheza Morogoro kabla ya Uhuru. Mpwa wangu amechoka kuwabishia. Mimi sikuwahi kujaribu.