Keja ya Mfanyakazi Pia Ni Historia

Ukisema unafanya kontenti ya majengo ya kale, watu wanangoja kasri. Wanangoja mnara, geti kubwa, ngazi ya marumaru na picha ya bwana mmoja mwenye masharubu. Mimi zilizonishika mwezi huu wote ni nyumba sita ndogo, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Zinaitwa Rhyd-y-car, na zinatoka mji wa Merthyr Tydfil, Wales.

Alizijenga Richard Crawshay, tajiri wa chuma, mwishoni mwa miaka ya 1700, aweke wafanyakazi wake. Ukielewa hiyo, ramani yote inaeleweka. Nyumba ya katikati ya mstari haihitaji kuta nne za peke yake. Zile mbili za kando unagawana na majirani, kwa hivyo mwenye kujenga anatumia mawe machache na ardhi kidogo inabeba watu wengi. Baridi nayo inabaki na pande mbili za kuingilia, mbele na nyuma. Ukifungua mlango, uko moja kwa moja sebuleni penye meko, na hapo ndipo maisha yote yalikuwa: kupika, kula, kuota moto. Nyuma kuna sehemu ndogo chini ya paa lililoshuka, na ngazi nyembamba ya kwenda kulala juu. Imeisha hiyo.

Na msidhani ilikuwa huruma. Tajiri anataka watu wake karibu na kazi. Reli pia ilijengea wafanyakazi wake nyumba pale Muthurwa, Nairobi. Shida ni kwamba mdosi akiwa ndiye landilodi, siku mkikosana unapoteza kazi na keja kwa mpigo mmoja.

Mwaka wa 1979 mafuriko yaliharibu mtaa huo. Badala ya zote kuwa kifusi, hizi sita zilifunguliwa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya St Fagans, jumba la makumbusho karibu na Cardiff. Sasa sikieni walichofanya. Hawakuzirudisha zote siku ya kwanza. Kila nyumba waliipa mwaka wake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955, 1985. Kuta ni zilezile, lakini ukitoka mlango mmoja ukaingia unaofuata, umeruka miaka. Vyombo vinabadilika, viti vinabadilika, hadi bustani za nyuma. Ile ya mwisho iko na televisheni.

Hiyo ndiyo ilinimaliza. Tajiri alijenga kuta, sawa, lakini nyumba ilitengenezwa na waliokaa ndani.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ikagoma. Kwa hivyo kila nikipost kuhusu majengo kuna mtu lazima aniulize nimesomea wapi. Boss, nimesomea kwa ploti. Tulikuwa watu watano kwa chumba cha kumi kwa kumi, na mama alikigawa kwa pazia moja: huku kitanda, huku wageni. Jiko la makaa lilikaa karibu na mlango ili moshi utoke. Kabati ilikuwa ukuta wa pili. Kama huo si usanifu, niambieni ni nini.

Ile ploti ilibomolewa, sasa ni ghorofa. Picha zetu za wakati ule zipo, lakini zote zilipigwa studio, tumevaa nguo za Krismasi, nyuma kuna maporomoko ya maji ya kuchorwa. Hakuna hata moja ya ndani ya chumba. Nani angepiga? Wote tuliamini hapo hakuna kitu cha kuonyesha.

Kwa hivyo leo sitaki like. Chukua simu, piga picha keja yako vile ilivyo sasa: vyombo, waya za stima, viatu mlangoni. Usipange kitu. Andika mwaka, uweke mahali haitapotea.

Na mkifika kwa mzazi, muulizeni pazia lilikaa upande gani.