Analia Usiku Kama Mtoto

Hapa Mpala giza likiingia mgeni anaweza kuamka na kuuliza: mtoto wa nani analia kule juu ya mti? Si mtoto, na si mchawi pia, hata kama wazee wanasema hivyo. Ni komba.

Macho yake makubwa hayawezi kuzunguka, njo maana anageuza kichwa chote. Anakula wadudu, matunda na utomvu wa miti. Mama akienda kutafuta chakula anaacha watoto kwenye tawi. Akihama anawabeba kwa kinywa kama paka. (Watu wa pwani ya bahari wanasema "mlevi kama komba", kwa kuwa anapenda sana tembo la mnazi. Vijana, msicheke!)

Wenye kuhesabu wanyama duniani wanasema komba mkubwa bado wako wengi. Kweli. Lakini mti uliogeuka makala hautoi utomvu tena, na hapa kwetu magunia yanangojea mashua ya Kalemie kila juma. Siwalaumu akina mama, ile ni minerval ya watoto. Hata nyumbani kwangu tunapikia makala. Ninaomba tu mti wenye shimo uachwe: makala yake ni kidogo, na ndani kuko watu wanalala mchana.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea mtoto wa komba kwenye kamba, nimnunue. Nilikataa. Ukinunua mmoja, kesho wanaleta watatu. Tulimrudisha kwenye mti ule ule mbele ya jua kushuka, maana mama yake anatafuta usiku.