Kabla ya kufungua zizi

Katika komine Annexe, pembeni ya Lubumbashi, familia iliyokimbia vita ikipata mbuzi wawili, imepata akiba. Mbuzi ndiye anauzwa mwezi wa tisa masomo yakifunguliwa, ndiye anauzwa mtoto akilazwa. Ndiyo maana mmoja akikohoa, nyumba nzima hailali.

Mama mmoja aliyetoka upande wa Mitwaba alikuwa na mbuzi wanne. Kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, anasimama kwanza na kutazama. Nani amejitenga? Nani hacheui? Mavi ni vidonge vikavu ama yamelegea? Mkia ni safi? Kisha anawashika mmoja mmoja na kufunua kope ya chini. Nyama ya ndani ikiwa nyekundu, vizuri. Ikiwa nyeupe kama karatasi, mara nyingi ni minyoo inayonyonya damu tumboni, na anahitaji dawa siku hiyohiyo. Wakati wa mvua minyoo michanga hupanda kwenye majani yenye umande, kwa hiyo hawafungulii mpaka jua likaushe. Majirani walimcheka: mbuzi amekuwa mtoto mchanga? Lakini wao huwaachia wao barabarani wakila mifuko ya plastiki, ambayo inaziba tumbo na haina dawa.

Msimu mmoja wa mvua, jike lake lenye mimba liliamka na makamasi mazito, macho yana uchafu, mdomo unanuka, linahara. Kijana wake mkubwa akasema: “Mama, tumpeleke sokoni leo, angali na nyama.” Bei yake ilikuwa pesa za masomo za watoto wawili.

Mama akakataa. Dalili hizo zinaweza kuwa pesti ya mbuzi na kondoo. Haimshiki mtu, lakini inaweza kumaliza zizi zima, na inasafiri na mbuzi anayeuzwa. Na sokoni angemnunua nani? Labda mama mwingine aliyekimbia kama yeye, mwenye pesa ya mbuzi mmoja tu.

Akamtenga, akamwekea chombo chake cha maji, akamwita veterineri. Siku ya nne jike likafa, mimba tumboni. Walilizika mbali na kisima. Wale watatu hawakutoka kwa wiki tatu. Mama aliwakatia majani mwenyewe, akafunua kope na kutazama midomo kila asubuhi. Hakuna aliyeugua. Kijana hakusema naye siku kadhaa, na ni haki kusema kwamba hata yeye alikuwa na sababu.

Chanjo ya pesti hiyo ipo. Sindano moja inamlinda mbuzi miaka mitatu hivi, ila ipigwe kabla ya ugonjwa kufika, na dawa yenyewe inataka baridi, jambo gumu pasipo na umeme. Ugonjwa wa jamaa yake, sotoka ya ng’ombe, ulitangazwa umekwisha duniani mwaka 2011. Kwa huu wa mbuzi, FAO na wenzake wamejiwekea mwaka 2030. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa wanyama, na mwenye mbuzi hata mmoja anaweza kuuliza huko.

Sasa wale majirani waliocheka wanamwuliza mama siku gani veterineri anarudi. Anawaambia wachange pamoja, waitwe wote siku moja.