Kawia Ufike: Kutoka Tanga Hadi Kilima cha Mweka

Akina mama wenzangu, mwanzoni mwa mwaka 2023 nilitundika kalenda mpya jikoni, karibu na rafu ya vyombo, nikachukua kalamu nyekundu na kuchora duara tatu. La kwanza lilikuwa Februari: nusu marathoni ya Kilimanjaro, Moshi. La pili Aprili: mbio za Ngorongoro kuelekea Karatu. La tatu Agosti: Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako mwaka 2022 yalifanyika mashindano ya michezo mitatu mfululizo. Huko mtu huogelea kilometa 1.9, hupanda baiskeli kilometa 90, kisha hukimbia kilometa 21.1, yote kwa siku moja.

Pengine utauliza, muuguzi wa miaka arobaini na minne, mama wa watoto watatu, ana nini na mambo hayo? Yalianza kidogo kidogo. Mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani alipata kiharusi, na wengi wetu tuliogopa. Tukakubaliana kutembea kila Jumamosi alfajiri hadi Raskazone, mahali ambapo upepo wa bahari humwamsha hata mvivu. Kutembea kukazaa kukimbia. Na kwa kuwa nimekulia Tanga, kuogelea sikufundishwa ukubwani. Baiskeli nilikuwa nikiazima kwa jirani, ile nzito yenye kapu mbele. Nikajiona niko tayari.

Mume wangu aliitazama ile kalenda kwa muda mrefu siku ile. Kisha akasema kwa upole, "Mama watoto, kalenda hii mbona sisi hatumo?" Nilicheka, nikaendelea kumenya viazi. Leo najua kwamba lile lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Siku mbili kabla ya mbio nilipanda basi la asubuhi. Anayeijua barabara ile anajua uzuri wake. Unaiacha Muheza ya machungwa, unafika Segera, unapita mashamba ya mkonge ya Korogwe, na kuanzia Mombo milima ya Usambara inakusindikiza mkono wa kulia. Baadaye inaipokea milima ya Upare: Hedaru, Same, Mwanga. Joto la nyikani linaingia dirishani pamoja na vumbi. Nilisinzia njia nzima, nikadhani ni uchovu wa zamu za usiku. Miezi ile nilikuwa pia napata hedhi nyingi ya siku nane au tisa, nikijiambia kuwa ndiyo umri umefika. Mgonjwa akiniambia hivyo nampeleka maabara siku hiyohiyo. Mimi nilijinyamazia.

Wifi yangu alinipokea stendi ya Moshi. Aliponikumbatia akarudi nyuma hatua moja akanitazama usoni. "Wifi, mbona umepauka?" Nikamjibu kuwa ni vumbi la safari. Jioni alinipikia mtori, na ulipopoa kidogo mlima ukafunguka. Wanaokaa Moshi wanajua kuwa Kibo hupenda kujitokeza asubuhi na jioni, na mchana hujifunika mawingu. Theluji ilikuwa na rangi ya waridi. Nilisimama uani na bakuli mkononi nikasahau kula.

Mbio hizi zilianza mwaka 2003, na siku hizi huvuta maelfu ya watu, wenyeji na wageni. Jumapili ile, tarehe 26 Februari, tuliondoka mapema kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Zamu yangu ya shule ya Jumapili kule Tanga ilishikwa na mwenzangu, na sitaficha kuwa jambo hilo lilinisumbua moyoni. Kilometa za kwanza mjini zilikuwa furaha tupu. Kisha ikaja barabara ya Mweka.

Ndugu msomaji, barabara ile inapanda. Moshi mjini ni zaidi ya meta 800 juu ya usawa wa bahari, na mimi nilikuwa nimejizoeza pwani, mahali tambarare. Migomba na mibuni iko pande zote, maji yanaimba mifereji­ni, watoto wamejipanga wakipiga makofi na bibi wamesimama milangoni na kanga mabegani. Kabla sijafika nusu ya mlima moyo ulinidunda mpaka masikioni. Miguu ikawa kama si yangu. Nikaona vimulimuli.

Hapo nilimkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, ambaye mwaka 1968 kule Mexico alianguka akaumia goti katika marathoni ya Olimpiki, lakini akaendelea hadi mwisho. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nikajiambia, kama yeye aliweza na goti lililofungwa bandeji, wewe ni nani uache? Nikapiga hatua kumi zaidi. Kisha likaja wazo jingine: Akhwari alitumwa na nchi yake. Wewe nani amekutuma? Na wale watatu kule Tanga, nani atawaamsha kesho? Nikakaa chini ya mgomba. Mama mmoja mwenyeji alinishika mkono asiniache mpaka watu wa huduma ya kwanza walipofika. Niliteremka mlima nikiwa ndani ya gari, nikilia kwa aibu.

Siku ya pili nilipima damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Mimi nilikuwa na 8.6. Uchunguzi ulionyesha uvimbe mdogo katika mfuko wa uzazi, usio saratani, uliokuwa ukinifanya nivuje damu mwezi baada ya mwezi. Daktari alinipa dawa za kupunguza hedhi na vidonge vya madini ya chuma. Mimi niliyezoea kuwapimia wengine, sikuwa nimejipima hata mara moja katika mwaka mzima wa mazoezi.

Nilirudi nyumbani nikafuta duara mbili zilizobaki. Nilipomweleza mume wangu majibu ya maabara, hakunilaumu. Alileta kiti jikoni, tukaishusha kalenda ukutani, tukaanza kuipanga upya wote wawili. Hayo tuliyoyapanga ndiyo ninayotaka kukushirikisha, kwani yanamfaa hata anayetaka kutembea kilometa tano tu.

Kwanza, vipimo kabla ya viatu. Pima shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Kama hedhi yako imebadilika, usiseme ni umri tu, nenda ukaonwe. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma usivimeze kwa chai, maana chai huzuia mwili usiyapokee vizuri. Vimeze kwa maji, au kwa maji ya chungwa.

Pili, andika mambo ya nyumba kabla ya mbio. Sisi tuliandika mtihani wa darasa la saba wa kifungua mimba wetu mwezi Septemba, mvua za masika, ada, harusi ya mdogo wangu na zamu zangu za usiku. Nafasi iliyobaki ndiyo ya mbio. Tuligundua kuwa inatosha mbio moja kubwa kwa mwaka, pamoja na nauli yake na ada yake ya kujiandikisha.

Tatu, ongeza mwendo polepole. Nilikimbia siku tatu kwa juma, nikaogelea siku moja, na siku nyingine nikapumzika. Kila juma la nne nilipunguza. Kwa kuwa Tanga hakuna kilima cha Mweka, niliomba likizo fupi nikapanda Lushoto, nikajizoeza miinuko.

Nne, ukiwa na homa usikimbie. Pima malaria kwanza. Na siku ya mbio kunywa kadiri ya kiu. Maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi mwilini, na hilo nalo huangusha watu.

Kufikia Septemba damu yangu ilikuwa 12.4. Nikaanza upya. Tarehe 25 Februari 2024 nilisimama tena pale uwanjani, na safari hii basi lilikuwa limetuleta watano. Kwenye barabara ya Mweka nilipokuwa nakimbia nilikimbia, na palipokuwa pakali nilitembea bila kuona haya. Nilipita migomba ile. Nilimtafuta yule mama kwa macho sikumwona, lakini nilipunga mkono kuelekea nyumba zao. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika hamsini. Mume wangu alikuwa kwenye uzio amembeba mtoto wetu wa mwisho, na wifi alikuwa na chupa ya mtori. Akanitazama usoni kama mwaka uliopita, akasema, "Sasa wewe ni wewe."

Wahenga walisema kawia ufike. Rubavu bado ipo moyoni mwangu, na Ziwa Kivu halihami. Itaandikwa kwenye kalenda mwaka ambao nyumba itakuwa na nafasi, na atakayeiandika si mimi peke yangu. Nawe, dada, kabla hujachora duara lako la kwanza, mwite mwenzako jikoni, na kesho asubuhi upitie kituo cha afya ukapime damu.