Kwetu, Nilikokuwa Sijafika

Mtanzania akikuuliza kwenu ni wapi, hakuulizi ulikozaliwa. Anataka kujua jina lako la ukoo limetoka wapi, na kama huko kuna ua ambamo ukitokea watakuchinjia kuku. Mimi nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga, katika kambi ya shamba la mkonge. Mama yangu ni Mbondei. Kingoni sijui zaidi ya maneno mawili matatu. Lakini jina letu ni Nyoni, na kwa hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini nimejibu kwamba kwetu ni Songea, mji ambao hadi Julai 2024 nilikuwa sijauona.

Jibu hilo lilitosha. Nililiandika kwenye fomu bila kusita. Wahehe niliofanya nao kazi walinitania kwa ajili yake nami nikawarudishia, kwa kuwa vita walivyopigana babu zetu na babu zao mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880 vimetuachia utani usiomdai mtu awe amefika popote. Unadai jina tu.

Aliyeondoka ni babu, baba yake baba. Ilikuwa mwaka 1952, naye alikuwa hajafikisha miaka ishirini. Wakati huo mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa hayashibi watu. Mmea wenyewe nao ulikuwa mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyosalimika. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ambayo mwaka 1964 yalitoa karibu tani 230,000 za katani. Wenyeji wa Tanga walikuwa na vishamba vyao na hawakuwa na haraka ya kukata mkonge wa mtu. Wakatafutwa watu wa mbali: Songea, Kigoma, Msumbiji, hata Rwanda na Burundi. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa hiyo namba wote wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, na mshahara ulikuja zikishajaa zote.

Baba alikuwa akisema babu alifuata kodi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Kodi ni mtu, labda rafiki yake aliyetangulia Tanga. Kumbe ni kodi ya kichwa. Serikali ya Mwingereza ilitaka ilipwe kwa fedha, na Ungoni fedha ilikuwa haba, wakati Tanga fedha ilikuwa inaota na miiba.

Huko Tanga babu alibadilika mambo mengi. Alioa Mdigo, akasilimu, akapewa jina jipya, na ndilo sisi tulilomjua nalo. Barua, kama aliandika, hazikumfikia mtu. Alifariki mwaka 1989. Baba alimfuata mwaka 2021, na wote wawili wamelala Muheza pembezoni mwa mkonge, kwenye ardhi isiyo yao. Hili watu wasiokulia kambini hawalioni upesi. Nyumba ni ya shamba, kisima ni cha shamba, hata mwembe ulioupanda mwenyewe uko juu ya ardhi ya shamba. Kwa wajomba tunakaribishwa vizuri sana, lakini shamba la wajomba ni la wajomba.

Ndugu wa Songea tuliwapata kwa njia ya siku hizi. Mwalimu mmoja aliyehamia Muheza kutoka upande wa Peramiho alisikia jina letu, akauliza maswali, akaturusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao. Miezi miwili baadaye ulikuja ujumbe wa sauti wa bibi mmoja. Hakusalimia. Alisema: "Kama ni kweli, njooni niwaone kabla sijafa."

Nilipoaga, kaka yangu alinisindikiza hadi stendi ya Muheza. Alinibebea begi, akasubiri gari lijae, kisha akasema kama mtu aliyekumbuka chumvi: "Ukifika, ulizia shamba."

Kutoka kwetu hadi Songea ni zaidi ya kilomita 1,000. Nililala Morogoro, asubuhi nikadaka basi pale Msamvu. Wasafiri wengi wa njia hiyo husimulia Kitonga, na kweli Kitonga inatisha, lakini mimi nilichokikumbuka zaidi ni Makambako. Pale basi linaiacha barabara ya Mbeya na kukunja kushoto, na ndani ya gari mambo yanabadilika. Watu waliokuwa kimya tangu Iringa wanaanza kupiga simu: tumeshakunja. Njombe baridi ikaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Baada ya hapo ni kona za Lukumburu, Madaba, kisha giza. Nilikuwa najaribu kuwaza babu alipita wapi, kwa lori kiasi na kwa miguu kiasi kama baba alivyosimulia, lakini barabara hii ya lami ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Yeye hakuwahi kuiona.

Usiku kondakta akapaza sauti: "Shule ya Tanga! Mwisho wa gari!" Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu ametoka Tanga juzi, ameketi kwenye basi mpaka miguu imevimba, anashushwa Tanga. Lakini ndilo jina la mahali ilipo stendi kuu ya mabasi Songea, na kata yenyewe inaitwa Tanga. Nilimpigia kaka kumwambia. Alicheka, kisha akauliza kama nimeshaulizia.

Kijiji chetu (naliandika neno "chetu" kwa kujaribu) kiko upande wa Peramiho, mwendo wa bodaboda baada ya kushuka hiace. Julai ni mavuno. Kila ua una mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai, na asubuhi ukungu unakaa mabondeni mpaka saa tatu. Bibi alikuwa ameketi juani, amejifunga vitenge viwili na sweta la kiume. Ni mdogo wake babu, wa mwisho kuzaliwa. Babu alipoondoka alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa."

Hakunikumbatia. Alinipa kigoda, akaagiza togwa, akaanza kunihoji. Jina la babu nililompa halikumwambia kitu, maana hakulijua. Nikamwambia alikuwa mrefu, akasema wote walikuwa warefu. Nikasema alikuwa fundi wa kucheza lizombe Jumapili kambini, akasema nani asiyecheza lizombe. Akaniambia nitaje watoto wa babu, mmoja mmoja. Nilipofika kwa shangazi yangu mkubwa, aliweka kikombe chini. Shangazi ana jina la Kingoni ambalo Muheza nzima hana mwenzake; alilichukia tangu shule. Sitaliandika hapa kwa kuwa ni lake na yu hai. Bibi akasema taratibu: "Huyo ni mama yangu." Yaani jina lile ni la mama yake bibi, mama yake babu. Babu alibadili dini, akabadili jina lake mwenyewe, lakini binti wa kwanza alimpa la mama yake.

Baada ya hapo ndipo alipolia, na wanawake wakatoka jikoni.

Kisha akaitwa mtoto wa kiume wa miaka tisa, mwembamba, ana vumbi la mahindi kwenye nyusi. Nikaambiwa jina lake. Ni la ubatizo, miongoni mwa yale majina ya watakatifu ambayo Wabenediktini wa Peramiho wamelieneza Songea nzima na ambayo pwani huyasikii kabisa. Ndilo lilikuwa jina la babu. Alipewa kwa sababu mwenye jina alikwenda Tanga na hakurudi, na jina halipaswi kupotea pamoja na mtu. Basi nikasimama mbele ya babu yangu mwenye miaka tisa, naye akaniamkia: "Shikamoo."

Usiku tulikula ugali, maharage na dagaa wa Nyasa. Mwenye mji ni baba mdogo, mtoto wa kaka mwingine wa babu. Ni mtu mpole asiyesema sana. Alisubiri watoto wakalale, akasogeza kuni, akauliza bila kunitazama:

"Umekuja kuona, au umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kuona kwanza, baba mdogo."

"Kwanza," akasema. Hakuongeza neno.

Sikumlaumu na simlaumu. Sehemu nyingi za nchi hii, ndugu aliyepotea akirudi, mara nyingi hurudi na karatasi, au na mwanasheria, au na mnunuzi. Tangu mahindi ya Ruvuma yapate bei na lami kusogea, hata kipande cha mlimani kina mtu anayekiulizia. Na mimi nilikuwa nimebeba swali la kaka mfukoni.

Kesho yake alikwenda mjini kuulizia bei ya mahindi, akanichukua, akaniacha Makumbusho ya Majimaji. Nilikaa huko zaidi ya nilivyopanga. Pale kuna kaburi la pamoja la mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na ana kaburi la peke yake. Inaelezwa kwamba kaburi hilo halina kichwa, kwamba kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Nilisoma pia habari za baada ya vita: vijiji vilivyochomwa, maghala yaliyochomwa, njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Ungoni iliyobaki ilikuwa nchi ya watu wachache wenye njaa wanaodaiwa kodi. Mtu wa kuandikisha vibarua hakuhitaji kubembeleza sana. Kumbe safari ya babu ya 1952 ilikuwa imeanza kabla baba yake hajaoa.

Baba mdogo aliponirudia alinikuta bado nimekaa karibu na kaburi la Songea. Akakaa nami. Akasema wale wa ukoo wa Mbano angalau wanajua wanachokisubiri. Kwao sisi, alisema, bibi mzaa wao alikuwa akitenga chakula kila Krismasi mpaka alipofariki, na hakuna aliyejua ni cha hai au cha marehemu.

Siku ya tatu bibi alichukua fimbo akataka twende mlimani. Tulikwenda watatu, yule mtoto mwenye jina la babu akitangulia kufukuza nyoka ambao msimu ule wa baridi hawakuwepo. Tukavuka kijito, tukapanda, tukafika kwenye shamba lililovunwa, mabua bado yamesimama, mpaka wake upande wa juu ni mti wa msuku. Kutoka pale unaiona milima ya Matogoro kwa mbali, iliko chemchemi ya mto Ruvuma.

"Hili ndilo la Tanga," bibi akasema.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba ndivyo wanavyoliita tangu zamani. Baba yao alimkatia babu sehemu hiyo siku chache kabla hajaondoka, ili awe na cha kurudia. Mwenyewe akaenda Tanga, shamba likabaki na jina hilo. Watoto wanatumwa: nenda la Tanga ukafukuze ngedere. Mbolea inagawanywa: mifuko miwili ya la Tanga. Mtoto alishangaa kwamba nilikuwa sijui. Kwake Tanga ni shamba. Mkoa hajawahi kuufikiria.

Niliokota gunzi, nikalishika bila sababu. Kwa miaka 72 watu hawa wamelipalilia, wamelilima na kulivuna shamba lile, na hawakuacha hata msimu mmoja kulitaja kwa mtu asiyekuwepo. Sikuuliza kitu.

Jioni ile baba mdogo ndiye aliyelianzisha. Alikuwa amewaita wazee wawili wa ukoo, nao wakakaa kwenye benchi kama watu wa baraza. Akasema la Tanga ni ekari moja na nusu. Akasema mwenye kutaka kulima na aje alime, mwenye kutaka kujenga na ajenge, msimu hata huu unaokuja. "Kuuza, hapana. Na asipokuja mtu, hawa watoto wataendelea kama walivyokuwa wakiendelea." Mzee mmoja akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Sikuona pa kubishana, na kwa kweli nilikuwa nimetarajia kidogo zaidi ya hapo katika woga wangu, na kikubwa zaidi katika tamaa yangu.

Niliondoka na debe la mahindi, maharage, na mfuko wa dagaa ambao ulinukia hadi Morogoro. Bibi aliniagiza nimlete shangazi. Nikasema ana miguu mibovu. Akasema na yeye pia, kwa hiyo watakaa.

Kaka alipiga nikiwa stendi, basi halijaondoka. Nyuma yake nilisikia mlio wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, kwa hiyo alikuwa kazini.

"Umeulizia?"

"Nimeonyeshwa."

"Kubwa?"

"Ekari moja na nusu. Lakini kuuza hapana. Ni la kulima."

Akanyamaza. Korona ikaendelea.

"Nauli ni shilingi ngapi mpaka huko?"

Nikamtajia. Akanyamaza tena, muda mrefu kuliko mwanzo, nikadhani simu imekatika.

"Na mvua za huko zinaanza mwezi gani?"

"Novemba mwishoni," nikamwambia. "Wakati mwingine Desemba."